Kadoti kekundu mu nyumba ya mbuzi

Hapana! Hatukubuni kitu. Nilishakuambia na narudilia: zile nombre, zile namba za Uvira, hazikutoka mu kichwa ya mutu. Zilitoka mu nyumba ya mbuzi. Unacheka? Cheka. Ulicheka hata siku ile pale mupakani Kavimvira, umeegemea pikipiki yako, ukasema mbele ya wale wote wanaobadilisha pesa ati, "Vijana wawili wa kandokando ya ziwa, bila masomo, watapima namna gani sumaku ya dunia muzima?" Minye nilitaka kukurukia. Yaya yangu ndiye alinishika shati. Basi leo yaya haiko hapa ya kunishika. Utakaa, utanisikiliza mupaka mwisho.

Na tuanze na yeye, juu ya vile yeye ndiye aliitwa muongo. Yaya ni mutoto wa mama mukubwa, lakini kwetu hatusemi binamu, binamu ni neno ya mu vitabu. Alinibeba mugongoni, basi ni yaya yangu, dada yangu mukubwa, kwisha. Kazi yake kusuka nywele. Anaweza kukaa nyuma ya kichwa ya mutu tangu asubuhi na mustari wake hata moja haipindi, na ukimuuliza kitu anakujibu bila kuinua macho. Minye natengeneza telefone zilizokufa. Minye siwezi kukaa. Nikikaa nasema, nikisema nasimama, nikisimama ugomvi imeanza. Kila mutu na vile alizaliwa.

Mambo ilianza na telefone. Mutu aliniletea ya kwake, ati ile mushale ya kuonyesha kaskazini inamudanganya, inamuonyesha Burundi upande wa milima, na milima yetu iko magharibi. Nikaifungua. Nikaanza kusoma juu ya kile kidude kilichomo ndani, kidogo kuliko punje ya mupunga, ambacho kazi yake ni kusikia sumaku ya dunia. Nikasoma, nikasoma, nikafika pahali wanasema ile sumaku haitulii. Jua ndiyo inaichezesha! Kila siku, jua ikipanda, nguvu yake inapanda kidogo, ikishuka inashuka. Na kuna siku jua inakasirika, inatupa moto yake huku kwetu, na sumaku ya dunia muzima inayumba kama mutumbwi. Nilikuwa nimesimama katikati ya barabara nikisoma. Pikipiki ikanipigia honi, mwenye pikipiki akanitukana, minye nikamurudishia, "Unajua dunia inatikisika chini ya yako matairi, weye?" Akaniangalia, akaenda zake.

Nikakimbia kwa yaya. Alikuwa na mama mumoja mbele yake, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama.

"Yaya, dunia ni sumaku, na ile sumaku iko inacheza kila siku, na siye tunatembea juu yake hatusikii!"

Yule mama akauliza, "Huyu mutoto amekula nini leo?"

Yaya hakuinua macho. "Inaonekana na macho?"

"Inaonekana. Ukiwa na kioo na kamwanga."

"Basi tuione. Usiniletee maneno mingi, leta kioo."

Ndiyo yaya huyo. Wengine wote walinicheka. Yeye aliomba kioo.

Sasa nikuelezee kile chombo, juu nyinye watu wa masomo munafikiri ni lazima kitoke ku ndege. Sumaku tulitoa mu kisikilizio cha telefone kilichoharibika, ndogo kama punje ya dengu. Kioo, kipande cha kile cha poda ya kujipaka. Tukavibandika pamoja, tukavitundika ndani ya chupa kubwa ya mayoneze ili upepo isiguse. Na uzi? Uzi ilitusumbua! Uzi ya kushona ni nene, inajisokota yenyewe. Uzi ya nyavu inakaza. Mwisho yaya akang'oa unywele mumoja wa meshi, zile nywele za kununua anazosukia watu, akasema, "Jaribu hii." Ikakubali! Tukausokota ule unywele mupaka sumaku ikakaa upande, inavutwa huku na dunia, inavutwa kule na unywele, kama mutu anayeshikwa mikono yote miwili. Dunia ikiongeza nguvu kidogo, inageuka kidogo. Dunia ikilegea, inarudi. Kisha tukachukua kale kataa kekundu ka kuchezea, ka leza, kale wanauza sokoni, tukakaelekeza ku kile kioo, mwanga ikarudi ikapiga ukuta ya mbali. Pale ukutani tukabandika metre ya fundi cherehani. Kadoti kekundu kakikaa ku nombre, unasoma nombre. Kwisha! Hiyo ndiyo mashine. Hata weye ungeweza, kama hungekuwa unashinda juu ya pikipiki.

Lakini chuma ndiyo adui. Mwenye kupita na funguo mu mufuko, kadoti kanasogea. Mabati juu ya nyumba, kadoti kanachanganyikiwa. Mu mutaa yetu nyumba zote ni mabati na misumari. Ila moja. Kule chini kabisa, karibu na maji, mama mukubwa alikuwa na nyumba ndefu ya mbuzi: udongo, miti, kamba na nyasi, hata musumari mumoja hakuna. Mbuzi alishawamaliza, wengine ndoa, wengine matanga. Nyumba ilibakia na harufu yao tu. Tukafagia, tukaziba madirisha na tope, mulango tukaufanya mudogo. Yaya akasema ile harufu ndiyo itafukuza wageni, ni muzuri.

Siku ya kwanza tulikaa mule tangu asubuhi. Giza, harufu, na kadoti kekundu ukutani. Yaya anasoma, minye naingiza mu telefone, lakini minye na telefone yangu tunakaa nje ya mulango, mbali, yeye anapaaza sauti. Asubuhi kadoti kako pahali pamoja. Jua ikapanda, kadoti kakatambaa. Polepole, huoni kakitembea, lakini ukiangalia kando na ukirudisha macho, kamesogea. Saa sita ya mchana kakafika mbali, upana wa kidole kizima. Halafu jioni kakarudi kwao! Minye nikapiga kelele mupaka wanawake waliokuwa wanaanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, wakakuja kuuliza nani amekufa. "Hakuna aliyekufa! Jua imesukuma kioo yetu!" Wakarudi ku ndagala zao wakitikisa kichwa. Yaya alitoka, macho mekundu ya giza, jasho, akasema neno moja tu: "Kesho tena." Lakini niliona vile alikuwa anacheka peke yake akifunga mulango na kamba.

Tukatafuta watu wa kupelekea. Iko grupe moja mu telefone, watu wa inchi mbalimbali, wengine na mashine za kweli, wengine na machupa kama siye. Kila mutu anatuma yale amesoma, profesa mumoja anayeongoza anayaweka yote ku ramani ili kila mutu aone. Alitupokea muzuri, sitamusingizia. Tukatuma asubuhi, mchana, jioni. Siku ramani ilitoka na doti ya Uvira juu yake, pale ku kichwa ya Tanganyika, niliizungusha mutaa muzima. Nilimuonyesha hata mwenye kuuza mikate. Pembeni ya doti iliandikwa ni nani anasoma, na aliyeandikwa ni yaya. Ni haki. Macho ni yake.

Halafu mwezi ikatuingilia.

Nilikuwa nachora zile nombre, nikaona kitu. Kila mwezi, mwezi ya mbinguni ikikaribia kujaa, kadoti kanaruka. Siyo kutambaa: kanaruka, kanakaa pale juu siku kadhaa, halafu mwezi ikianza kupungua kanashuka kwa mara moja. Na mwezi wa kufuata vilevile! Na wa kufuata! Minye nikasema, bwana, tumegundua! Mwezi inavuta sumaku ya dunia, na siye ndio tumeiona, mu nyumba ya mbuzi, hapa Kavimvira! Sikulala vizuri kwa furaha. Nikaenda ku ufuko nikaelezea kapita wa wavuvi, mutu mukubwa wa mabega, muchekeshaji, anayeongoza mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja.

"Kapita, mwezi ikijaa inavuta sumaku yetu."

"Hata siye inatuvuta," akasema. "Inatuvuta mupaka ku vitanda ya wake zetu."

Wote wakaangua kicheko. Ndagala wanafuata taa. Mwezi ikiwaka sana taa ya muvuvi haina kazi, basi wavuvi wanapumzika mupaka giza irudi. Kila mutoto wa hapa anajua ile, anaijua sawa anavyojua jua inatokea upande wa Burundi. Nilicheka nao nikaenda zangu. Nilimuandikia profesa habari yangu kubwa ya mwezi.

Profesa akajibu na sauti. Sauti ya pole, ndiyo iliniumiza zaidi. Akasema dunia haifanyi vile. Mwezi inaigusa sumaku, ndiyo, lakini kidogo mupaka machupa hayawezi kuona, na haiigusi kwa kuruka na kushuka kama ngazi. Akauliza: kuna chuma karibu? Siye tukaapa. Tuliangalia tena kila pahali ndani, juu ku nyasi, chini ya tope. Yaya alivua mpaka vibanio vya kichwa. Hakuna! Tukamuandikia: hakuna chuma. Akaandika mu grupe, mbele ya watu wote, ati kama chuma hakuna, basi inamubidi afikiri mwenye kusoma haendi kusoma kila siku, anajaza nombre mwenyewe, na mwezi ndiyo inamukumbusha. Hakusema neno muongo. Lakini weye sema, ile kama siyo kumuita muongo ni nini?

Minye mwili ikawaka moto. Nikaandika. Usiniulize niliandika nini, kuna maneno ya Kifuliiru mule profesa hakuyaelewa, na ni bahati yake. Akanitoa mu grupe. Paf. Telefone ikaonyesha: umeondolewa.

Nikaenda kwa yaya. Alikuwa ameshasoma yote.

"Peti," akaniambia, vile ananiita juu ya kuwa mudogo wake, "ulimutukana?"

"Alikutukana weye kwanza!"

"Alinitukana minye. Weye nani alikutuma?" Alikuwa anachambua meshi, vidole havisimami. "Sasa sikiliza. Ameniandikia peke yangu. Anangoja mwezi ijae tena. Nikikosa maelezo, anafuta yote. Tangu siku ya kwanza."

Tangu siku ya kwanza! Asubuhi zote zile, na mvua, na malaria yake, na siku za harusi alizotoka mbio akiwa amevaa kikwembe cha sherehe ili asome saa sita. Yote ifutwe, na pembeni ya doti ibakie jina ya mutu aliyedanganya. Nikamuambia tuache, tusitume tena kitu kwa wale watu. Jioni alienda kusoma.

Mwezi ikaanza kunona. Minye nilishinda pale nje ya mulango kama mulinzi, nikisema nitamukamata yule anayegusa, hata kama ni pepo. Asubuhi moja yaya ameingia kusoma, minye niko nje, nikasikia kelele upande wa nyuma. Wavuvi. Nikazunguka ile nyumba. Na minye, nakuambia kweli, sikuwa nazunguka pale. Tangu ziwa ipande, nyuma ya ile nyumba ni matope na majani, maji imekula muchanga wote, hakuna mutu anapita. Nikamukuta kapita na watu wake wanatua mizigo ku ukuta yetu.

"Munafanya nini hapa?"

"Tunapumzika, mutoto wa mama. Mwezi imekuja."

"Pumzikeni kwenu! Mutu iko ndani anafanya kazi, nyinye munapiga makelele!"

"Mbuzi siku hizi wanafanya kazi?" kapita akauliza wenzake, nao wakacheka, na yule aliyebeba nanga akaitupa chini, puu, karibu na ukuta.

Kutoka ndani yaya akalia: "Nani amefanya nini? Kadoti kamekimbia!"

Nikasimama vile. Nikaangalia nanga. Nikaangalia moteri, kubwa, nyeusi, imeegemea udongo wetu. Mabetri ya taa, yamepangwa. Vyuma vya kushikilia taa, lundo zima. Ziwa imekula pahali pao pa kuweka vitu, basi siku za mwezi wanaviweka pale pakavu, juu ya mawe ya chini ya ukuta ya nyumba ya mbuzi, na mwezi ikipungua wanavibeba, wanarudi kazini. Kila mwezi! Na kila mutu hapa anajua kwamba mwezi ikijaa vyombo vinapanda inchi kavu, minye naye nilijua, nilizaliwa nikijua, ndiyo maana sikuona.

"Kapita!" nikapiga kelele. "Beba ile nanga!"

"Nimeitua sasa hivi."

"Nakuomba, papa. Beba, peleka kule ku mutumbwi."

Sijui aliona nini mu uso yangu. Akaashiria, mutu wake akabeba. Hatua kwa hatua, mu matope.

Ndani: "Kamerudi!"

"Irudishe!"

Wakairudisha. "Kamekimbia!" Wavuvi wakaangaliana. Halafu, bwana, ilikuwa sherehe! Wakashika moteri wanaume wanne, wanaimba ule wimbo wao wa kuvuta nyavu, wanaipeleka, wanaileta, na mu kila safari sauti ya yaya inatoka mu ukuta inasema kadoti kako wapi, na wao wanashangilia kama wamefunga goli. Hakuna aliyekuwa anamuona! Mulango iko upande mwingine, imefungwa. Kapita mwenyewe akabeba betri moja, akatembea nayo kwa vidole vya miguu, kama mwizi, akitaka kumushinda yaya. Yaya akasema, "Kuna mutu anakuja polepole." Kapita akaweka betri chini akakaa juu yake kwa kucheka.

Nilipiga video yote. Yaya akaituma, minye sikuwa mu grupe.

Wavuvi walitaka kutoa vyombo vyao, wakatuonea huruma. Yaya akakataa. "Mukivitoa mutaviweka wapi, mu maji? Viache. Lakini visitembee." Tukachora chaki kuzunguka kila kimoja ku mawe. Yaya alisema kadoti kakiruka kwa sababu ya chuma, kanaanzia pahali pengine tu. Mchana kanapanda vilevile, jioni kanashuka vilevile. Aliniwekea muchoro wa siku za mwezi juu ya muchoro wa siku za giza, akausogeza chini, ikalingana. Nikapiga ukuta na ngumi kwa furaha, akanikumbusha kadoti.

Sasa profesa. Unafikiri aliomba musamaha? Hapana, bado. Alicheka ile video, nilimusikia akicheka, halafu akasema kitu ambacho kiliniudhi na, nikitulia, ni haki. Alisema: video inaonyesha chuma inatembeza kadoti. Haionyeshi kwamba siku zingine zote mama huyu alikuwa anasoma. Siku ya kawaida kila mutu anaweza kuijaza na kichwa, asubuhi chini, mchana juu, jioni chini. Siku ambayo hakuna mutu anaweza kubuni ni siku dunia imechafuka. Tutangoja ile. Weye mama, utume yako kwanza, mbele ya wengine wote, kila wakati unaposoma. Halafu tutalinganisha.

Vyombo vya wavuvi vilikuwa bado ku ukuta, mu chaki yao, asubuhi moja, mwezi bado haijapungua. Minye nilikuwa nimekaa nje na telefone ya mutu mu magoti. Yaya akaingia. Nikangoja nombre. Nombre haikuja.

"Yaya?"

"Nyamaza."

"Kuna nini?"

"Kadoti hakako."

"Namna gani hakako?"

"Katoka ku metre. Kako karibu na mulango. Kanatetemeka. Peti, nani amesogeza chuma?"

Nilizunguka ile nyumba nikiwa tayari kupigana na wanaume wanne. Wavuvi walikuwa wamekaa wanacheza karata. "Nani amegusa? Nani?" Nikashika kapita kwa mukono. Akauondoa taratibu, kama unavyoondoa inzi.

"Angalia chaki yako, kichaa."

Nikaangalia. Nanga mu chaki. Moteri mu chaki. Betri kila moja mu chaki yake. Hakuna kilichotembea hata upana wa ukucha.

Nikarudi mbio. Yaya amesimama ku mulango, mwanga inamuumiza macho. Nombre iko tayari mu telefone yake, ile anaacha kwangu nje, hajatuma, kidole iko juu.

Na minye, weye unajua napenda yaya yangu, nikamuambia, "Usitume."

"Juu ya nini?"

"Juu ni kubwa sana! Haijawahi kuwa vile. Watasema umebuni, watasema umetafuta siku ya kujitukuza, na kama ni kosa ya unywele, kama unywele imelegea, wanafuta yote, na jina yako inabakia pale chafu. Ngoja tuone wengine wanasema nini. Ngoja kidogo tu."

Aliniangalia vile anaangalia mutu anayemuambia asuke mustari wa kupinda.

"Kadoti kako wapi?"

"Karibu na mulango."

"Basi nitaandika karibu na mulango."

Akatuma. Akaongeza chini yake: vyuma vya wavuvi viko mu chaki, havikusogea. Halafu akaniachia telefone yake nitume, akaingia tena mu giza, na hakutoka mupaka jioni. Hakula. Wateja wake walingoja, wengine waliondoka. Alisoma kila alipoona kametembea, na kalitembea! Kalienda, kalirudi nusu, kakashuka chini ya pahali pa kila siku, chini sana, kakalala kule kama kameugua. Minye nilikuwa nje nikizunguka, nikifukuza kuku, nikifukuza mutu wa baiskeli, nikifukuza mama mukubwa mwenyewe juu alikuja na sufuria ya chakula. "Sufuria ni aluminiyo, mujinga!" alinipigia kelele. Kweli, aluminiyo haina kosa. Nilimuomba musamaha, nikala yote kwa wasiwasi.

Mchana yule jirani yetu wa foni, mwenye kuitia watu wa Kalemie na Baraka mu redio yake, akatoka nje analaani. Hasikii kitu. Tangu asubuhi ni kelele tupu, kama mvua ku mabati. Akauliza kama sisi ndio tunamuharibia na kale kataa ketu. Nilimukumbatia! Mutu muzima, na tumbo yake, nikamuinua juu. "Siyo siye, papa! Ni jua! Ni jua!" Akaniambia nimuteremushe.

Jioni wengine wakaanza kutuma. Minye na yaya tumekaa ku mulango ya nyumba ya mbuzi, telefone yake kati yetu, kapita na watu wake wamesimama nyuma yetu wanainamisha shingo. Muchoro ya kwanza ikaingia, ya mutu wa mbali kule mashariki, mashine ya kweli. Yaya akaifungua. Mustari inakuja sawa, inakuja, asubuhi inaruka, halafu inaanguka mu shimo. Ya pili ikaingia. Shimo. Ya tatu, shimo, pale pale. Profesa akachukua ya yaya, ile aliyotuma mbele ya wote, akailaza juu ya zile ingine. Ya kwetu ilikuwa na meno-meno kama musumeno, ni chupa ya mayoneze, lakini ilipinda pale zilipinda na ikaanguka pale zilianguka. Kapita akauliza, "Hiyo nyekundu ndiyo yetu?" Alisema yetu! Nikamuambia ndiyo. Akapiga mbinja mupaka mbwa wakajibu.

Sauti ya profesa ikaingia. Mara hii hakuwa na pole. Alikuwa anapiga kelele kama minye, nakuapia. Akasema, "Mama wa Uvira, ulitutangulia wote! Nilikukosea, na nasema mbele ya grupe muzima." Akasema yote inarudi ku ramani tangu siku ya kwanza, na siku za mwezi ataziwekea alama ya wavuvi.

Yaya akabonyeza, akasema ya kwake kwa sauti ya chini: "Asante. Nina ombi moja. Murudishe peti yangu mu grupe."

Tukangoja.

"Atatukana tena?" profesa akauliza.

"Atatukana," yaya akasema. "Murudishe."

Wakanirudisha. Na sikutukana, siku ile.

Basi ndiyo hiyo. Sasa chukua telefone yako, fungua ile ramani, usiogope, haikuumi. Doti yetu iko pale ku kichwa ya ziwa, na jina yake pembeni. Panda na kidole barabara ya kwenda kwenu: Luberizi, hakuna kitu. Kamanyola, hakuna kitu. Endelea mupaka uchoke, ni nyeupe, nyeupe, nyeupe. Siku jua inakasirika, dunia inayumba hata pale, na hakuna mutu mwenye kuangalia. Weye unayejua kucheka watu mupakani, kwenu kule nani anapima?